Udongo Kando ya Mivukuto

Miaka ile sufuria zilikuwa adimu, basi binti yangu akasomea ufinyanzi chuo cha sanaa pale Same. Karakana yao ilikuwa ya wanafunzi wote, ila mhunzi aliyefundisha kufua chuma akamfukuza. Eti mila! Nikashuka kutoka Gonja na udongo kichwani mpaka karakanani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama, mila unaijua. Udongo wa wanawake ukikaribia mivukuto ya kupulizia moto wangu, chuma kinapasuka."

"Basi kipasuke nikione!"

Nikakaa palepale, nikaanza kufinyanga. Mhunzi akafua jembe kwa hasira, akalichovya majini, akaligeuza, akaligeuza tena. Jembe zima, halina hata ufa! Weee, nilicheka mpaka chungu kikabonyea. Binti yangu, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaingia, akavuta kigoda, akakaa kando ya mivukuto. Hakuna aliyethubutu kumwondoa tena.