Kimya cha Kidato cha Pili

Wanafunzi walimbandika jina Madamu Salamu, kwa kuwa shule nzima yeye peke yake ndiye aliyelipwa, kama alivyopenda kusema mumewe, kufundisha watu kusalimiana. Kipindi chenyewe kiliitwa Kuelewana na Watu wa Tamaduni Nyingine, na kiliwekwa Ijumaa baada ya chakula, saa ambayo hata chaki husinzia. Mkuu wa shule alikimezea mate akigeuze hisabati. Aliamini mtoto akishajua kugawanya, kuelewana na jirani kutajileta kwenyewe.

"Mkaguzi anakuja leo," alimwambia. "Asipoona faida yake, mama, tunakizika."

"Sawa, mkuu."

Wiki iliyopita Madamu alikuwa amewafundisha Kidato cha Pili kwamba kuna watu ambao, wakiulizwa jambo na mkubwa, hawakurupuki kujibu. Hunyamaza kwanza, kuonyesha kuwa swali limepewa uzito. Darasa lilipenda somo hilo kupita kiasi.

Mkaguzi akaingia, akavuta kiti. "Haya, kipindi hiki kimewafundisha nini?"

Kimya.

Wote walimtazama kwa upole. Kiranja, ambaye kwa kawaida hujibu kabla swali halijaisha, alikuwa ameuma midomo. Madamu akaelewa, akaona kipindi chake kinazikwa. Lakini kuwashtua kungekuwa kufuta alichofundisha. Akanyamaza nao. Mlangoni, mkuu wa shule alitabasamu kama mtu aliyekwisha kupata hisabati zake.

"Hamkunisikia?" Mkaguzi akalegeza tai. "Mnanikumbusha mama mkwe wangu. Tangu nilipomwoa binti yake, nikimuuliza kitu ananitazama tu. Naondoka zangu. Ananichukia yule mama."

Hapo kiranja akasimama. "Mzee, sisi tulikuwa tunaliheshimu swali lako. Labda na yeye."

"Analiheshimu?"

"Ndiyo, mzee. Ila wewe hujawahi kusubiri."

Darasa likaguna. Mkuu akafumba macho. Mkaguzi akatoka bila kuaga, na kupitia dirishani wakamwona amesimama barazani, simu sikioni, hasemi neno. Akaendelea kusimama.

"Mtandao umekata," alisema mkuu.

"Hapana, mkuu," alisema Madamu. "Ameuliza kitu."

Aliporudi, mkaguzi alipenga kamasi kwanza, kisha akasema kipindi hiki ni makosa kukiweka saa ya usingizi.

Kikahamishiwa Jumatatu asubuhi. Hisabati zikaenda Ijumaa baada ya chakula.