Nukta yetu ilikuwa peke yake bondeni

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa nasoma tu hapa na kutoka kimya, hata darasani sinyooshi mkono. Hii nimeitoa kwa diary yangu vile iko.

Kwetu ni Muthetheni, huko Mwala. Shamba la babu liligawanywa kwa wana wanne, sehemu ya Baba ikawa kaukanda kembamba, ng'ombe akigeuka anakula mahindi ya uncle. Baba akamwachia uncle, tukahamia coast, karibu na mto mkubwa. Baba, mimi na susu, yaani nyanya yangu.

Wenyeji walikuwa wamebanana juu kwa mwinuko, ukuta kwa ukuta. Chini bondeni udongo mweusi, safi, hakuna nyumba.

Baba alicheka. Kwetu Mwala mto ni mchanga mkavu. Unachimba, unateka maji, mbuzi analala hapo hapo. Nani huogopa mto?

Mama Saumu, jirani aliyetuuzia samaki, alimwambia, "Baba Mueni, huko sisi tunalima, hatulali."

"Nyinyi mnaogopa maji bure tu," Baba akamjibu.

Akajenga bondeni.

Nikiwa form two, mwalimu wa geography alitupa project: chora ramani ya kijiji, kila nyumba nukta moja. Nilizunguka siku mbili (kusalimia watu tu kulinimaliza).

Nukta zote zilijaa juu. Moja ilikuwa bondeni. Yetu.

Niliandika kwa diary, "Hawa watu wanajua kitu." Nikapata marks nzuri, ramani ikakaa kwa desk shuleni. Baba sikumwonyesha. Ningeanzia wapi?

Muhula uliofuata mvua ilinyesha huku bara, sio kule. Maji yakatufikia asubuhi, jua likiwaka. Mimi nilikuwa shule, Baba sokoni. Susu alikuwa nyumbani na miguu yake mibaya.

Alipatikana siku ya tatu, kwa mahindi yetu.

Sasa tumerudi Muthetheni. Kaukanda ketu uncle ameshapanda, tunalala kwa jikoni yake.

Juzi Baba akitafuta kalamu kwa begi yangu akapata ile ramani. Aliweka kidole kwa ile nukta ya bondeni.

"Ulichora lini?"

"Kabla ya maji."

Akaikunja polepole, akairudisha. Hajaniongelesha mpaka leo.

Wakuu, nilichojifunza: ukihamia kwa watu, angalia wanalala wapi, sio wanalima wapi. Na kama wewe ni mwoga wa kuongea kama mimi, ongea hata kama sauti inatetemeka.

Mliohamia ugenini, mliuliza nani kabla ya kujenga? Niandikieni. Nitasoma zote, hata nikishindwa kujibu.