Kazi ya Marehemu

Juzi, katika ofisi moja hapa Tabora, kaka na dada walisimama mbele yangu kuandikisha kifo cha mama yao.

“Kazi ya marehemu?” karani aliuliza.

“Hakuwa na kazi,” kaka alijibu. “Alikaa na wajukuu, akilima.”

Dada aliweka kiganja juu ya fomu. “Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba hata hazijaezekwa, nani aliwakusanya watu wasali? Watoto wetu wamefundishwa sala na nani?”

“Lakini hakulipwa.”

“Karani ameuliza kazi, kaka. Hajauliza mshahara.”

Kaka aliinamisha kichwa, kisha akasema taratibu, “Andika mkulima na mwalimu wa dini.”

Karani aliandika. Nafasi haikutosha, akamalizia pembeni. Waliochapa fomu ile, nadhani, hawakumfikiria mama kama yule.