Mwigizaji Ukingoni mwa Paa

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuosha vioo vya minara huku nimening'inia kwenye kamba, huniuliza kama bado naogopa. Naogopa, kila asubuhi. Na kama wewe ndio kwanza unaanza kazi hii, au kazi nyingine yoyote inayokutetemesha magoti, nataka ujue mapema kwamba hujakosea njia. Woga ni mwenzako wa zamu. Muhimu ni kujua amekaa wapi, asije akakurukia mgongoni mkiwa nje.

Kikosi chetu kina desturi moja. Kabla mtu hajavuka ukingo wa paa, anataja kwa sauti kitu anachokiogopa siku hiyo. Hatuhitaji hadithi ndefu. "Naogopa upepo wa upande wa ziwani." "Nimelala vibaya, naogopa kusahau kitu." Anayesema haogopi chochote anabaki juu kushika ndoo, na hilo si adhabu. Mtu asiyejua woga wake ulipo atakutana nao huko chini. Akishaganda kwenye kamba, mikanda ya mapajani inabana, damu inakwama miguuni, na mwenzake lazima amfuate upesi. Basi sasa wako wawili hatarini.

Desturi hiyo ilinitosha kwa miaka mingi, mpaka nilipoletewa mwanafunzi ambaye ni mwigizaji.

Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya China, mama anayekaribia miaka sitini, mfupi, nywele amezikata zikaishia masikioni. Walikuwa wanapiga filamu kwenye mnara mmoja wa mtaa wa Jumeirah Lake Towers, katika jiji hili la Waarabu, mnara ambao kampuni yetu inauhudumia, na wenye jengo walisema hakuna mtu atakayetoka nje ya paa lile bila kufundishwa na sisi. Katika hadithi yao, mama mmoja anamtoroka mume wake kwa kushuka nje ya jengo hadi kwenye kibaraza cha chini. Sehemu kubwa ya kushuka ingefanywa na binti mwingine aliyevalishwa nywele za bandia. Lakini mwongozaji wa filamu alitaka uso wenyewe, wa mama mwenyewe, pale tu anapovuka ukingo.

Tulimfundishia kwenye ghala la kampuni kule Al Qusais, ambako tuna jukwaa la chuma lenye kimo cha ghorofa mbili. Alifunga mikanda sawasawa mara ya kwanza. Maswali yake yalikuwa mazuri. Tulipomning'iniza alitulia kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Mwenzangu, Mswahili wa Mombasa ambaye kila ninaposhika kamba ya kwanza, ya kubeba, yeye hushika ya pili, ya usalama, akanipiga kikumbo.

"Mama huyu hana woga kabisa. Wallahi atakusomesha wewe. Wewe siku yako ya kwanza uliikumbatia ile nguzo kama bi harusi."

"Sikuikumbatia. Nilikuwa naikagua."

"Ukaikagua nusu saa nzima, macho umefumba!"

Wakati wa mapumziko mama yule alikaa nasi juu ya mabunda ya kamba, akanywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, akatusimulia maisha yake. Alizaliwa Marekani, katika mji wa baridi, vyumba vya nyuma ya mgahawa wa wazazi wake. Kichina chake, alisema, ni cha kuagizia chakula na cha kugombezwa, basi. Alipoanza kutafuta nafasi za kuigiza, walimpa maneno machache wakamwambia ayaseme kama watu wa kwao. Akayasema kama watu wa kwao, yaani kama mtu yeyote wa mtaa ule aliokulia. Wakasema hapana, watu wa kwenu kabisa. Hapo akawaelewa. Akaazima Kiingereza cha mama yake, kile cha kuvunjikavunjika, akapata kazi.

"Na mama alikuja kuitazama?" nikauliza.

"Alikuja. Tuliporudi nyumbani, mlangoni akaniuliza, 'Hivyo ndivyo ninavyosikika?'"

Mwenzangu aliacha kutafuna. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hapana, yule ni mtu niliyemtunga tu. Akaniamini. Mimi ni mwigizaji mzuri."

Aliendelea hivyo miaka na miaka. Alikuwa muuguzi anayeleta habari mbaya kisha anaondoka. Alikuwa mwenye duka, shangazi, mwanamke anayefungua mlango. "Na nimekufa sana," alisema. "Mimi huwa nakufa mapema, watu hawajamaliza hata bisi zao."

"Safari hii usife, madam," mwenzangu akamwambia. "Tutaulizwa sisi."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akatueleza kwamba kuna miaka ambayo hakuitwa popote, akawa anafundisha watoto kuogelea. Halafu, nywele zikiwa zimeanza mvi, akapata nafasi kwenye tamthilia ya kuchekesha, na ghafla watu wakawa wanamsimamisha barabarani. Filamu hii ilikuwa ya kwanza ambayo yeye ndiye anayefuatwa na kamera tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwisho wa mafunzo nilimweleza desturi yetu. Nikampa na mfano wangu mwenyewe, kwamba mimi huogopa upepo unaokuja ghafla. Nikamwuliza, na wewe? Aliangalia chini. Akameza mate. Akasema polepole, "Naogopa upepo. Ule unaokuja ghafla." Maneno yale yalinichoma. Nilimshika bega nikamwambia amefanya vizuri, kwamba kusema hivyo ni nusu ya kazi.

Alipoondoka, mwenzangu alikuwa ameinama kwa kicheko. "Hukujiona? Amekuigiza wewe, ndugu yangu! Kule kumeza mate, kule kuangalia chini. Ni wewe mtupu!"

Mimi sikucheka. Nitakueleza kwa nini, maana mtu wa nje anaweza kudhani nilikasirika. Kazi yangu ya kufundisha inategemea kusoma watu. Namjua atakayeganda kwa jinsi anavyopumua, jinsi anavyojibu haraka mno, jinsi uso unavyokauka. Sasa nimeletewa mtu ambaye uso wake unamtii. Akitaka utulivu, anauleta. Akitaka woga, anauleta pia, wa kiasi kile kile ninachotaka kuuona. Ndani yake mna nini? Sikujua. Na mtu nisiyemjua nilikuwa naenda kumning'iniza juu ya barabara. Jioni ile wenzangu walipika ugali na samaki, wakaniita mara mbili, mimi bado nilikuwa nauwaza uso ule.

Siku yenyewe tulipanda alasiri. Juu ya paa kulikuwa na joto na upepo wa kukatikakatika, ule unaotulia kidogo kisha unasukuma. Nilikagua kamba, nikazikagua tena. Mama yule alikuja amevaa gauni la mchezo juu ya mikanda, anatabasamu. Nilimwuliza swali letu.

Akameza mate. "Upepo, mwalimu. Ule unaokuja ghafla."

"Huo ni wangu," nikamwambia. "Nipe wako."

Tabasamu halikuondoka. Kule kwenye kamera mwongozaji akapaza sauti, "Yalla, yalla! Jua linakwenda!" Neno hilo la kuharakisha watu kila mgeni hulijua siku ya kwanza. Sikugeuka. Nilibaki nimesimama mbele yake.

Ndipo akanyoosha mkono wa kushoto akauweka kwenye kiganja changu.

"Nafinya," akasema.

Sikuhisi kitu. Vidole vyake vilikuwa kama kitambaa kilicholowa.

"Hiyo ndiyo nguvu yako yote?"

"Yote. Tangu mwaka jana. Siku nyingine inarudi, siku nyingine hairudi. Siku ya ghala ilikuwepo."

Unajua, hatari kubwa si pale unapokuwa umeshaning'inia. Ukishakaa kwenye kamba, kamba imekubeba. Hatari ni pale pa kuvuka, kamba ikiwa bado haijakaza, na mikono yako miwili ndiyo inayoshika uzito wako. Mkono mmoja ukikataa hapo, unadondoka mpaka kamba ikudake, na inakudaka kwa kukupiga ukutani.

"Nani anajua?"

"Wewe. Wakijua watu wa bima, wataniondoa. Kuna mwanamke mwingine waliyemjaribu kwenye nafasi hii kabla yangu, bado yupo." Akasogea karibu. "Tafadhali, mwalimu. Naweza kuuigiza hata mkono."

"Najua unaweza, madam. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Nilimwambia ukweli wangu, taratibu, kama ninavyomwambia kila mwanafunzi. Kwamba siwezi kumfunga kwenye kamba na siri hiyo, kwa sababu mwenzangu anayeshika kamba ya pili ana haki ya kujua ameshika nini. Kwamba iko njia nyingine: akae ukingoni, kamba zote mbili zikiwa zimekaza tangu mwanzo, sisi tumshushe kutoka juu, mikono yake isifanye kazi yoyote. Itaonekana tofauti kwenye kamera. Kwa hiyo mwongozaji lazima aambiwe, na mimi sitamsemea.

Akaenda. Upepo ulichukua maneno yao yote, nikawa naona migongo tu. Nilimwona akinyanyua mkono ule, ukaanguka wenyewe. Mwongozaji akavua kofia. Mwenzangu alinisogelea, nikamweleza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. Alikwenda kukagua kamba yake upya.

Mwongozaji alikuja. "Inawezekana?"

"Kwa njia hii, ndiyo. Kwa njia ile ya kwanza, hapana."

"Watu wa bima je?"

"Wapigie sasa, sir. Sisi tunasubiri."

Alipiga simu, akazungumza kwa muda mrefu huku akizunguka. Aliporudi alisema: mara moja tu, na kwa njia yetu. Yaliyobaki atafanya yule binti. Kuhusu filamu yenyewe, kama mama yule ataendelea nayo au la, wangezungumza baadaye na wakubwa. Alilisema hilo mbele yake. Mama alisikia, akaitikia kwa kichwa, akakaa ukingoni.

Nilipiga magoti nyuma yake. Kabla sijauliza, alisema mwenyewe, na meno yalikuwa yanagongana: "Naogopa kila kitu. Naogopa kushuka. Naogopa nikifika, wataniambia basi, kazi yangu imekwisha. Sina pengine pa kwenda na uso huu."

"Vizuri," nikamwambia. "Sasa tuko pamoja. Kaa, usifanye lolote. Ni kazi yetu."

"Tayari," akasema mwenzangu.

Tulimshusha kidogo kidogo. Mabega yakazama, kisha kichwa. Kabla hakijapotea aliinua macho akanitazama, na uso ule sikuwahi kuuona ghalani wala popote. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Kamera iliuchukua, lakini nadhani hakuikumbuka kamera. Alipopotea chini ya ukingo sikuwa na cha kusoma tena isipokuwa kamba, na kamba ilikuwa inatetemeka, mtetemo mdogo usiokoma, unaopanda mpaka kwenye viganja vyangu. Upepo ukaja. Nikaacha kwanza kumshusha. Mwenzangu alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Ukapita. Tukaendelea.

Redio niliyoifunga kifuani ikakoroma. Ilikuwa sauti yake, nyembamba.

"Mwalimu, bado umenishika?"

"Nimekushika, madam."

"Usiniachie."

Yule binti wa nywele za bandia, aliyekuwa akimsubiri kibarazani, akaingilia kati, akasema mama amefika, amesimama, miguu yote miwili iko sakafuni, tunaweza kulegeza. Mwenzangu alinitazama. Nilisikia alichosema, na nilikielewa. Lakini mtetemo ulikuwa bado unapanda kwenye kamba, nikaendelea kuishika imekaza vilevile, mpaka mama mwenyewe alipokuwa tayari kuniambia niachie.