Everline Akuam na Neno la Kesho

Siku hizi watu wa Isiolo wakimtaja Everline Akuam husema tu, "Yule mama wa redio kol." Hawajui nusu yake. Mimi najua, maana mwaka wa 1979 nilikuwa dereva wa lori la shirika letu la visima, na nasema bila haya: mama huyo alitushinda akili sote.

Alikuwa Mturkana wa mtaa wa Chechelesi, binti wa mchunga mbuzi aliyehamia mjini. Kwetu alianza kwa kufagia ofisi. Karibu na meza ya redio ya kuitana na vituo vyetu vya porini alikuwa akifagia polepole mno, na mtu wa redio alipoacha kazi, ikaonekana mfagizi anaijua kuliko yule aliyekuwa akilipwa. Meneja wetu Rimberia, Mmeru asiyecheka ovyo, akampa kiti.

Shida ya redio ile ni kwamba sauti haina uso. Mwaka uliotangulia sauti fulani ilijifanya kituo chetu cha Gotu, ikaomba mahindi haraka. Lori likaenda. Huko porini dereva alinyang'anywa mahindi pamoja na suruali, akarudi mjini amejifunga gunia. Dereva huyo ni mimi. Mwenye kucheka acheke sasa, tuendelee.

Basi Rimberia akatengeneza vitabu vya siri, kila siku na neno lake. Kituo kikituma ujumbe kilitaja neno la siku hiyo, Everline akalitafuta kitabuni mwake, na likilingana ujumbe unakubaliwa. Ofisi kuzungumzia maneno hayo hewani, hata kusema kwamba neno limekosewa, kulikuwa marufuku. Na neno likikosewa siku tatu mfululizo, kituo kilifungwa hadi kitabu kipya kipelekwe kwa gari, jambo la wiki mbili.

Ilikuwa kiangazi kikali. Jumatatu pampu ya kituo chetu cha Biliqo ilikatika mkanda. Jumanne jioni, saa moja, mtunza pampu wa huko, Roba, aliita akiomba mkanda mpya. Alitaja neno. Halikulingana. Jumatano jioni, vivyo hivyo.

"Mtu ameiba redio ya Roba," Rimberia akasema. "Kesho akikosa tena, nafunga."

"Mzee, hiyo ni sauti ya Roba," Everline akamwambia. "Na ng'ombe za watu zitakufa."

"Hata ile ya Gotu ilikuwa sauti. Uliza Mutuma hapa."

Mutuma ni mimi. Nilimuunga mkono meneja, tena kwa nguvu. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka.

Sheria ilisema maneno yaliyokosewa yatupwe. Everline hakuyatupa, aliyaandika kwenye daftari lake. Alhamisi asubuhi aliyapekua kitabuni na kuyakuta. Neno alilotaja Roba Jumanne lilikuwa la Jumatano. Alilotaja Jumatano lilikuwa la Alhamisi. Roba alikuwa mbele kwa siku moja. Lakini siku zote alipoita asubuhi alikuwa sawa, na sasa aliita jioni tu kwa sababu mchana kutwa alikuwa akichota maji kwa mikono kwenye visima vya mchanga. Jioni ina nini?

Adhuhuri alikwenda nyumbani kula, kichwa kinamuuma. Jirani yake Madina, Mborana, alikuwa uani akichagua buni za kukaanga kwa samli.

"Leo kuna wageni?" Everline akauliza.

"Wageni gani? Si ni usiku wa Ijumaa."

"Ijumaa si kesho, mama?"

"Kesho ni mchana yake. Jua ikizama leo, Ijumaa imeingia. Miaka yote hii kila Alhamisi jioni nakuletea buna, hizi buni za samli, hujui?"

Everline alirudi ofisini bila kula, nusu akikimbia. Aliandika neno la Ijumaa kwenye karatasi, akaikunja, akamkabidhi Rimberia. "Mzee, weka mfukoni. Usifungue mpaka Roba aongee."

Saa moja jioni tulikuwa watatu tumeizunguka redio. Nilikuwa natokwa jasho, na sikuwa nimebeba kitu. Roba akaita, sauti imechoka, akataja neno: "Mtungi."

Rimberia akafungua karatasi. Mtungi. Akaikodolea macho kana kwamba itajieleza.

"Mwizi hukosea ovyo," Everline akasema. "Huyu anakosea kwa utaratibu. Kwake jua imezama, siku imebadilika."

"Lakini neno ya leo bado hajasema," Rimberia akajibu. Jamani, ugumu wa mtu huyo!

Everline akashika kipaza sauti. Neno lolote la kitabuni lilikuwa marufuku, kwa hiyo alisema hivi tu: "Roba, hapa ofisini siku inabadilika saa sita ya usiku. Kwetu bado ni Alhamisi. Ova."

Kisha tukasikia kurasa zikifunguliwa, na kicheko kirefu cha mtu aliyechoka.

"Wallahi! Dada Everline, Alhamisi ni 'kwato'. Kwato! Ova."

Everline akageuza kitabu kumwelekea meneja, kidole kikiwa juu ya neno. Kwato. Nakumbuka alivyosimama, yule mfagizi wetu, kidevu juu, naye Rimberia akavua kofia yake mbele yake. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa. Alfajiri niliondoka na mkanda, na suruali yangu nilirudi nayo.

Jumamosi jioni Biliqo iliita. Kwanza Roba alielekeza kipaza sauti dirishani, na ofisi nzima ikajaa mngurumo wa pampu na ng'ombe wakilia kwa kugombea birika la kunywea maji. Rimberia alisikiliza hadi mwisho.

Halafu sauti ya Roba ikaja, kama ilivyokuja kila jioni kwa miaka tisa iliyofuata, kabla ya neno lolote: "Dada Everline, kwenu ni siku gani?"