Sikio la Muuza Chipsi

Muuza chipsi wa Gungu hanunui kiazi kabla hajakisikiliza. Anakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, anakinusa, kisha anakigonga karibu na sikio huku amefumba jicho moja, nasi wakulima wa Mwandiga tumesimama kimya kama tuko mahakamani. "Hiki kililishwa mbolea mpaka kikasahau kunenepa, kikaota majani tu." Changu alikirudisha mbele za watu: "Hiki kimemwagiliwa hadi jana. Kitalegea kwenye mafuta. Mimi nauza chipsi, siuzi uji!" Nilitamani nimpige nacho.

Juzi akaja bibi mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, na beseni la viazi kichwani. "Shikamoo bibi. Maji uliyakata lini?" "Kuyakata? Navinywesha kila jioni, mwanangu. Sisi tulitembea na kiu njia nzima. Viazi vimekosa nini?" Akagonga kimoja, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida. "Viko sawa," akasema, akachukua beseni zima. Kesho yake chipsi zikalala sahanini kama kamba zilizolowa. Mimi ndiye niliyeanza kuzomea. Akachungulia karai, akatikisa kichwa kwa hasira: "Mafuta ya siku hizi, jamani! Yana maji mno."