Leo nimejifanya mkalimani wa viziwi

Wandugu, leo nimetafsiri lugha nisiyoijua, mbele ya mkubwa wa wizara!

Viziwi walikuwa wamemwita huku Cibitoke, wamuombe serikali itambue lugha yao ya alama. Mkalimani wao akachelewa, amekwama kwenye bariyeri ya askari barabarani.

Nani akasimama? Mi! Si Zaina, yule kiziwi fundi wa nguo, ni jirani yangu? Kumsalimia najua, hata kumtania.

Zaina akaanza kuongea kwa mikono, mbio mbio, machozi yanamtoka. Sikushika kitu. Nikaona aibu kurudi kukaa, nikasema: "Shefu, anasema wana njaa."

Mkubwa akaahidi mchele. Watu makofi! Mi kifua mbele. Gari lake likaondoka.

Ndipo mkalimani akafika, akaongea na Zaina, akanigeukia.

"We mutoto! Amesema askari walimuua kaka yake, naye kiziwi, juu ya kutosikia 'simama'. Anataka askari wafundishwe alama. Njaa umeitoa wapi?"

Nikainua mikono nimuombe Zaina msamaha. Kumbe hata alama hiyo siijui.

Zaina akaishika mikono yangu, akaishusha taratibu, kama mutu anavyomnyamazisha mutoto.

Haya, nichekeni. Ila kwanza, nani anajua kwa yule mkubwa, nimpelekee maneno ya kweli ya Zaina?